Amplifaya ya Mnong'ono

Mtu anaponong'ona, nyuzi za koo hazitetemi. Kinachotoka ni hewa tupu, na ulimi, meno na midomo ndivyo vinavyoikata hewa hiyo iwe maneno. Sikulijua jambo hili mpaka daktari alipotueleza, mimi na dada yangu, tukiwa tumesimama kwenye korido ya hospitali hapa Kisumu. Walikuwa wamemtoa baba uvimbe kooni, pamoja na nyuzi za sauti zilizokuwa zimeshikana nao. Angeweza kumeza. Angeweza kunong'ona. Kuongea, tusahau. Kisha daktari akaongeza, akiwa ameshageuka kwenda, kwamba uvimbe wa namna ile una tabia ya kurudi.

Baba alikuwa na sauti kubwa. Alisoma matangazo kanisani bila maikrofoni, na wakati wa mavuno aliwaita watu waliokuwa shamba la chini akiwa ameketi mlangoni kwake. Watu wa kwetu walipotaka kuelezea kelele ya kitu fulani, ya trekta au ya radi, walimtaja yeye kwa mzaha. Sasa alirudi nyumbani akiwa na kitambaa shingoni, na kila aliyekuja kumjulia hali alilazimika kuinama kama anayetafuta kitu sakafuni.

Dada yangu ndiye aliyemhudumia. Alikuwa ameolewa upande wa Awasi, na ndoa ilipovunjika alirudi kwetu Seme, mbele kidogo ya Kombewa, akiwa na watoto wake. Kwetu binti aliyeolewa akarudi hana mahali. Anaweza kupewa pa kulala, lakini hajengewi ndani ya boma la baba yake, na akifa akiwa pale wazee huanza kubishana azikwe nje ya ua upande gani. Baba alimruhusu ajenge kijumba cha mabati kwenye kipande cha shamba kilicho kando ya barabara, nje ya ua wa miti ya mnyaa. Maadamu baba alikuwa mzima, hakuna aliyesema kitu. Lakini barabara ile ilitiwa lami, na kaka yetu mkubwa akaanza kusimama pale jioni akipima kwa hatua zake mahali ambapo angejenga maduka ya kupangisha.

Baba alitaka kusema mbele ya ukoo kwamba kipande kile ni cha binti yake. Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la babu, kama zilivyo hati nyingi upande ule, kwa hiyo karatasi isingemsaidia mtu. Chenye nguvu kilikuwa neno la mwenye boma, litoke kinywani mwake, ukoo ukiwa umekaa na kusikia. Likishasemwa hivyo, anayelipinga baada ya mzee kufa anaogopwa hata na watoto wake mwenyewe.

Dada alijaribu kwanza njia ya kawaida. Baba alinong'ona sikioni mwake, naye akarudia kwa sauti mbele ya kaka yetu na wazee wawili wa karibu.

"Baba anasema au wewe unasema?" kaka akauliza.

Akajaribu simu. Alimrekodi baba akiwa kitandani, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka simu juu ya meza. Kaka alisikiliza kwa heshima hadi mwisho, halafu akacheka.

"Siku hizi simu inaweza kufanya hata marehemu aagize soda."

Nao wazee wakacheka. Walikuwa wameona mambo hayo kwenye simu za wajukuu wao.

Tuliazima vyombo vya kanisa. Fundi wa kanisa aliweka maikrofoni mbele ya baba na kuongeza sauti kidogo kidogo, na kabla mnong'ono haujasikika hata hatua chache mbele, spika zikapiga mbinja kali. Sauti ya spika ilikuwa inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka, inarudi tena. Baba alifunga macho. Siku hiyo dada alinisindikiza mpaka barabarani.

"Wewe si fundi?" akaniambia. "Tengeneza kitu."

"Kitu gani?"

"Cha kumfanya asikike. Si ndiye wewe ulitengeneza redio ya mwalimu mpaka ikawa inashika Kongo?"

"Redio si koo."

"Basi anza na redio uende mbele."

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme katika kibanda karibu na soko la Kibuye. Shule niliiacha kidato cha pili. Ninachokijua nimekitoa kwenye vitabu visivyo na majalada vilivyouzwa kwa mafungu siku za Jumapili, na kwenye vyombo vilivyoharibika. Nilikuwa nimejenga amplifaya nyingi za kumbi na za kanisa, na zote zilikuwa za kukuza sauti za watu wanaopiga kelele tayari. Mnong'ono ulikuwa jambo jingine. Ulihitaji kukuzwa mara nyingi zaidi, na kitu kinachokuzwa mara nyingi hivyo hakitulii.

Niseme jinsi kinavyokosa kutulia, kwa sababu ndiko nilikopoteza majuma.

Katika amplifaya nzuri, sehemu ndogo ya kile kinachotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa imegeuzwa kinyume, ili amplifaya ilinganishe ilichotoa na ilichoambiwa itoe. Ikizidisha, inajipunguza. Ikipungukiwa, inajiongeza. Mrejesho huo ndio unaofanya vipuri vya kawaida vitoe sauti safi. Ubaya wake ni muda. Kila transista huchelewesha kidogo, na kadiri mawimbi yanavyokuwa ya haraka ndivyo uchelewaji huo unavyokuwa na uzito. Nimewahi kumwona utingo akimwelekeza dereva anayerudisha lori la samaki nyuma kwenye uchochoro. Dereva akisikia "kata kulia" papo hapo, lori linanyooka. Akisikia akiwa amechelewa, mkia wa lori ukiwa umeshavuka, kukata kwake kunaongeza kosa. Utingo anapiga kelele ya upande wa pili, nayo inachelewa vilevile, na lori linayumba huku na huku mpaka liguse kuta zote mbili. Amplifaya iliyochelewa hufanya hivyo mara laki kadhaa kwa sekunde. Sikio halisikii chochote. Spika iko kimya kabisa. Transista tu ndizo zinazochemka.

Zangu zilichemka. Niliunganisha amplifaya ya kwanza kwenye betri ya gari, bila maikrofoni, bila neno lolote kuingia, na baada ya muda mfupi bati la kupozea likawa halishikiki. Halafu ikanuka. Nikaenda kununua transista nyingine kwa muuzaji wangu wa vipuri, ambaye wazazi wake walihamia Kisumu kutoka Nyeri, naye amezaliwa hapa hapa na anaongea Dholuo, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi ya wanangu.

"Transista tena?" akasema. "Mzee, hizi unakula na ugali?"

"Zinaungua."

"Zinaungua ama unazichoma?"

"Nipe original."

"Hii ni original."

"Original ya wapi?"

"Original ya hapa dukani. Omera, ndugu yangu, wewe unataka nikuletee cheti cha kuzaliwa cha transista?"

Kwa kawaida ningemlaumu yeye. Vipuri bandia ni vingi mjini, na lawama hiyo hutolewa kila siku. Ila nilitaka kuwa na hakika. Nikatoa transista kwenye amplifaya ya zamani niliyojua ni nzima, nikaziweka kwenye yangu. Zikachemka vilevile. Basi kosa halikuwa dukani, lilikuwa kwenye mchoro.

Sina kile chombo chenye kioo cha kuonyesha mawimbi. Nilichokuwa nacho ni redio ndogo ya betri. Niliiweka kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na kituo, nikaisogeza karibu na amplifaya. Ikatoa mvumo kama wa mvua kwenye mabati. Nikazima amplifaya, mvumo ukakata. Nikawasha, ukarudi. Amplifaya iliyotakiwa kukaa kimya ilikuwa inarusha mawimbi kama kituo cha utangazaji.

Dawa inayoandikwa kwenye vitabu vyote ni kapasita ndogo katikati ya saketi, inayoifanya amplifaya iwe nzito kidogo, isikimbilie mawimbi ya haraka isiyoweza kuyafuata. Nikaweka. Mvumo ukapungua. Nikaweka kubwa zaidi. Redio ikanyamaza, bati likawa la baridi, nami siku hiyo nilifunga kibanda mapema, nikaenda nyumbani Seme na chombo changu kwenye kikapu.

Baba alikuwa ameketi nje. Nilimbandika maikrofoni ndogo shavuni kwa plasta, karibu na pembe ya mdomo, ili ikutane na mnong'ono kabla ya kukutana na kitu kingine. Spika nikaiweka mbele yake ikitazama mbali naye. Nikamwomba aseme chochote. Alinong'ona majina ya ng'ombe aliowahi kuwa nao, mmoja baada ya mwingine.

Haikupiga mbinja. Lakini kilichotoka kilikuwa mngurumo usio na meno. Dada alikuja kutoka jikoni akasimama mbele ya spika.

"Ni kama mtu amefunikwa blanketi," akasema.

Nilielewa mara moja. Mnong'ono hauna sehemu nene. Wote uko juu, kwenye s na t na k, kwenye msuguano wa hewa. Nilipoifanya amplifaya kuwa nzito ili itulie, nilikuwa nimekata juu, na kule juu ndiko baba alikokuwa amebaki. Ningeweza kuwa na chombo kilichotulia kisichosema kitu, au chombo kinachosema na kuungua.

Kitu kimoja nilikiona siku hiyo bila kukitilia maanani. Dada alipokuwa mbele ya spika, alikuwa amempa baba mgongo, na hakuelewa neno. Alipogeuka na kumtazama midomo, akaanza kutaja wale ng'ombe pamoja naye, akicheka, bila kukosea. Miezi ile ya kumlisha na kumwosha ilikuwa imemfundisha. Yeye hakuhitaji amplifaya.

Nilirudi kibandani nikaanza upya. Badala ya kukuza yote mahali pamoja, niligawa kazi katika hatua mbili, kila moja ikikuza kiasi na kuwa na mrejesho wake mfupi, ili kila moja ibaki nyepesi vya kutosha kufika juu. Kapasita nikairudisha ndogo. Mezani ikatulia, redio kimya, na niliponong'ona mwenyewe nikasikia hata mate ya ulimi wangu.

Kisha baba akataka jambo jingine. Kwa fimbo alichora kwenye udongo mahali hema litakapokaa, akavuta mstari kupita ua wa mnyaa hadi barabarani, akachoma fimbo pale penye kijumba cha dada. Alitaka spika moja iwe kule. Kwetu neno la shamba husemwa watu wakiwa wamesimama juu ya shamba lenyewe, na miguu yake isingeweza kumfikisha. Alitaka angalau neno lifike.

Waya mrefu wa nyuzi mbili zilizolala pamoja huhifadhi umeme kati yao, kama kapasita. Nilipoufunga mwishoni mwa amplifaya, mvumo ulirudi kwenye redio siku hiyo hiyo. Waya ulikuwa umeongeza uchelewaji, na mrejesho ukapotea njia. Ningeweza kumwambia baba haiwezekani. Sikutaka. Nilizungusha waya wa shaba juu ya rezista, kipuri kidogo cha kuzuia umeme, nikapata koili ndogo, nikaiweka mlangoni mwa amplifaya, waya mrefu ukabaki nje ya koili na mrejesho ukabaki ndani. Kwa mawimbi ya sauti koili hiyo ni kama haipo. Kwa yale ya haraka ni ukuta. Nikaongeza rezista na kapasita kwenda kwenye ardhi ya saketi ili amplifaya isijikute haina mzigo kule juu. Nikakunjua waya wote uani, nikaukanyaga, nikaumwagia maji, nikaukunja nusu. Redio haikusema kitu.

Tulipojaribu mara ya mwisho nyumbani, baba alinong'ona, na sauti ikatoka barabarani. Alishtuka, akatazama huko.

"Huyo ni nani?" akauliza, nayo spika ikauliza kule.

"Ni wewe, baba," dada akamwambia. Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa kona ya leso.

Baba hakucheka. Alisikiliza kwa muda, kama anayemngoja yule mwingine aongeze neno.

Ukoo ulikutana Jumamosi mchana. Hema la turubai, viti vya kukodi, wazee mbele, wanawake upande wa jikoni. Mdogo wake baba ndiye aliyeongoza, maana ndiye aliyebaki kwa umri, na kwa mambo ya boma neno lake ndilo linalofunga. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kama kawaida ya saa zile, turubai likawa linapiga. Nilikaa pembeni na amplifaya kwenye kiti, mkono wangu juu ya bati la kupozea. Lilikuwa la baridi.

Baba alisema maneno machache. Alisema amechoka na hataficha. Alisema kipande kilicho kando ya barabara ni cha binti yake na watoto wake, kuanzia mnyaa hadi lami, na kwamba yeyote atakayemtoa pale asimwite yeye baba. Kila neno lilisikika. Lilisikika hemani, na nusu pumzi baadaye tulilisikia likitoka kule barabarani. Hakukuwa na mbinja, hakukuwa na mkwaruzo. Katika miaka yote ya kazi yangu sijawahi kujenga kitu kilichofanya kazi vizuri namna ile.

Kisha kaka yetu akasimama, akavua kofia.

"Wazee wangu," akasema, "mimi sina ugomvi na baba. Nauliza tu. Baba mnamjua. Akiita mtu hapa, yule wa kule mtoni anaitika. Si ni kweli?"

"Ni kweli," wengine wakajibu.

"Sasa hiyo tumesikia ni sauti ya nani?"

"Si yake?" mzee mmoja akasema. "Tumeona midomo ikienda."

"Midomo inaenda hata kwa sinema, Jaduong', mzee wangu. Mimi nimesikia kitu inapumua. Inaweza kuwa mtu yeyote. Inaweza kuwa mwanamke." Akanielekezea kofia. "Mashine imeundwa na nani? Imeshikwa na nani? Na yeye na dada yake ni sahani moja."

Nilisimama. Nilifungua kifuniko nikawaonyesha ndani. Nikawaeleza kwamba haina kadi wala kumbukumbu, haina neno lake, inachukua kilichopo mdomoni na kukikuza. Nilieleza polepole, kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mteja. Mzee wa mbele alichungulia ndani ya boksi kwa hisani, akarudi kukaa.

"Kijana, sisi tutajuaje?" akasema. "Mimi hata tochi hunishinda."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nami nikaona ukweli wa jambo lile. Nilikuwa nimefanya kazi miezi kadhaa kuhakikisha hakuna neno litakalopotea, na sikuwa nimefikiria kwamba mnong'ono wa mtu mmoja hauna tofauti na mnong'ono wa mwingine. Kinachomtambulisha mtu kimo kwenye zile nyuzi za koo, na hizo zilibaki hospitalini.

"Kama ni yeye, azime hiyo kitu," kaka akasema. "Baba aseme kwa mdomo wake. Akisema, mimi nakubali leo leo."

Mdogo wake baba alinitazama. Hakuwa na ukali.

"Zima, mwanangu."

Nilizima. Baba alitazama taa ndogo nyekundu ikifa, akamtazama ndugu yake, kisha akaanza kusema. Midomo ilienda. Turubai lilikuwa linapiga, kuku walikuwa wanaparuana nyuma ya jikoni, na kutoka kwa baba hatukusikia kitu. Mdogo wake alisogeza kiti, akaweka sikio karibu na mdomo wake, akaweka na mkono nyuma ya sikio. Naye ni mzee. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Ni pumzi tu," akasema mwishowe.

Dada alisimama kule kwa wanawake.

"Anasema mwashe," akasema. "Anasema, kwa nini mnamzimia? Anasema ameshasema."

"Wewe lazima usikie," kaka akasema, na safari hii watu wengi walicheka, hata baadhi ya wanawake.

"Namwona! Tazameni midomo, ninyi hamna macho?"

"Mama, keti," mdogo wake baba akamwambia.

Hakuketi mara moja. Baba alikuwa anamtazama yeye sasa, si wazee, na midomo ilikuwa inaenda kwa haraka, naye dada alikuwa anatikisa kichwa akijibu, ndiyo, baba, ndiyo. Walikuwa wanaongea mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuwa tayari kuhesabu mazungumzo hayo kuwa kitu.

Uamuzi ulitolewa kabla ya chakula. Mdogo wake baba alisema jambo la shamba si la kukimbilia, na kwamba ukoo utangoja hadi sauti ya mzee irudi, ndipo aseme upya. Alisema kwa upole, na watu wakaitikia. Nilisimama kuwaambia kwamba sauti haitarudi, kwamba daktari alituambia wazi. Kaka akaniuliza kama mimi ni Mungu. Sahani za wali zikaanza kupita.

Baba aliitoa maikrofoni shavuni mwenyewe. Plasta ilivuta ngozi. Aliiweka mezani karibu na glasi.

Tangu siku ile hakunong'ona tena kwa mtu yeyote. Dada alikaa mbele yake na uji, akimtazama midomo, nayo haikwenda. Aliomba maji kwa kidole. Wale wazee wa mbele walikuja kumwona, mmoja mmoja, na yule wa tochi alinivuta kando karibu na ua akaniambia kwamba yeye alijua tangu mwanzo ni mwenzake anayesema, kwa sababu ya ukaidi wa maneno yenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akaniuliza ningetaka aseme nini, wakati kila mtu amekwishacheka.

Uvimbe ulirudi kama daktari alivyosema. Tulimzika baba kabla ya mvua za masika. Kwenye mazishi kulikuwa na vyombo vikubwa vya kukodi, na watu wengi walisimama kuisifu sauti yake.

Siku za matanga zilipokwisha, kaka alileta trekta. Hakumfukuza dada. Alilima tu, kuanzia ua wa mnyaa, akaendelea hadi kwenye ukuta wa kijumba, udongo ukamwagika mlangoni. Akazunguka, akalima upande wa pili. Dada alienda kwa mdogo wake baba, naye akamwambia yuko pamoja naye moyoni, lakini neno la shamba halikusemwa. Nilienda mimi pia. Nikapewa chai na jibu lile lile.

Rafiki yake dada anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, kule Usenge na kuwauzia wanunuzi wanaotoka mjini. Alimwambia kuna chumba. Nilikodisha pikapu, nikafika asubuhi, tukaanza kushusha mabati. Kaka yetu alikuja kutusaidia. Sisemi hili kwa kejeli. Alipanda juu, akang'oa misumari kwa uangalifu bila kupasua matundu, akashika upande wake nami nikashika wangu, na hakuna bati lililokunjika. Alibeba godoro la watoto. Alimpa dada debe la mahindi.

Tulipomaliza kupakia, watoto walikuwa wamekaa mbele na dereva. Dada alisimama nyuma ya pikapu akitazama mahali pale, ambapo palikuwa pamebaki mraba wa udongo mgumu katikati ya shamba lililolimwa. Kaka alikuwa anafunga kamba.

"Nikifia Usenge," dada akasema, "mtanileta wapi?"

Hakutuuliza mmoja wetu hasa.

"Wacha maneno ya kifo mbele ya watoto," kaka akasema, akaweka goti kwenye mabati na kuivuta kamba mpaka ikakaza.